Kisu cha Mhunzi Hakina Haki ya Kuwa Kombo

Kuna neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi hapa Lubumbashi, na safari hii tumeamua kulijibu. Mtu ananunua kisu cha mhunzi sokoni, anafika nacho nyumbani, mama anaanza kukata nacho muhogo. Kisu kinakimbia upande. Kipande kinatoka kinene juu na chembamba chini. Mama akilalamika, bwana anacheka na kujibu: «Ile ni ya mufundi, haiko ya mashini. Bya asili njo biko vile.»

Bya asili njo biko vile. Kama neno hilo lingetoka kwa mtu ambaye hakupata nafasi ya kusoma, tungemwonyesha polepole na mambo yangeisha. Lakini tunalisikia kwa walimu, kwa watu wa bilo, kwa wenye diploma zilizotundikwa ukutani. Mbaya zaidi, tumelisikia katika mikutano ya watu wanaojiita walinzi wa mila. Hao wanalisema kwa sauti tamu: eti kisu kilichokwenda kombo kina roho ya mababu, na kisu kilichonyooka kinafanana na cha kiwandani, kwa hiyo hakina roho.

Sisi tunasema hapana. Neno hilo ni uongo, tena ni tusi kwa wazee waliolala udongoni. Kwa fundi aliye hai, ni mkono unaomtoa chakula mdomoni, kwa sababu mtu akishaamini kwamba kazi yako kwa asili yake ni mbaya, hatakulipa bei ya kazi nzuri hata siku moja.

Katika kurasa hizi tutaonyesha mambo matatu. La kwanza, wazee wetu walijua kulinganisha pande mbili za kisu. La pili, kazi hiyo inafanyika leo kwa vyombo vya kawaida, bila mashine yoyote. La tatu, linaloiua kazi hiyo ni tabia yetu sisi tuliosoma.

1. Tunasema juu ya kitu gani?

Shika kisu chako, elekeza ncha mbele, kitazame kutoka kwenye mpini kana kwamba unalenga shabaha. Juu kuna mgongo, chini kuna makali. Kulia na kushoto kuna ubapa, na kila ubapa unateremka kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Huo ndio tunaouita mteremko. Kisu cha kawaida kina miteremko miwili, kama paa la nyumba lililogeuzwa chini juu.

Miteremko hiyo ikiwa sawa, makali yanakaa katikati kabisa ya unene wa mgongo, na kisu kinakwenda pale mkono unapokituma. Mmoja ukiwa umelala na mwingine umesimama, makali yanahamia upande mmoja, na kila unapokata, chakula kinakisukuma kisu pembeni. Mama wa watu hana kosa na muhogo hauna kosa.

Hasara ya pili haionekani sokoni, inaonekana kwenye moto. Mhunzi akichovya kisu chekundu ndani ya mafuta ili kukitia ugumu, upande mwembamba unapoa haraka na upande mnene unachelewa. Chuma kinavutana chenyewe kwa chenyewe, kisu kinapinda, na pengine kinapasuka. Fundi anaanza kulaumu chuma, kisha mafuta, kisha jirani mwenye jicho baya. Kumbe kosa lilikuwa limekwisha kufanyika mapema, wakati wa kuteremsha ubapa.

Tuwe wakweli: si kila chombo kinahitaji miteremko miwili. Tezo la mchonga sanamu lina mteremko upande mmoja tu, na limefanywa hivyo kwa makusudi ili liingie ndani ya mti kwa namna inayotakiwa. Lakini angalia vizuri, hata huo mteremko mmoja unanyooka kutoka pembe hadi pembe. Fundi aliamua, kisha akapima. Hilo ni jambo jingine kabisa na kisu kilichotoka kombo kwa sababu mtu alichoka.

2. Wazee walipima

Anayesema kwamba mababu walifanya ovyo-ovyo aende kwanza Upemba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka wa 1957 na 1958, na wengine wakaendelea na kazi katika bonde hilo miaka ya 1970. Walikuta vyombo vya udongo, mapambo ya shaba, na vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi, vya watu walioishi hapo miaka 800 hadi 1,000 iliyopita na zaidi. Katika baadhi ya makaburi ya bonde hilo kulikuwa hata na fuawe. Tujiulize: ni watu gani wanaomzika mtu pamoja na fuawe? Ni watu wanaoheshimu kazi iliyofanywa juu ya fuawe hiyo.

Waluba, ambao inchi yao inagusa bonde hilo, waliweka uhunzi karibu sana na ufalme, na wanawake wao walivaa kichwani vibanio vya chuma vyenye umbo la fuawe ndogo. Kwa Wakuba, sanamu ya mfalme Mbop Pelyeng, ambayo leo iko British Museum kule London, imechongwa na fuawe mbele yake. Wafalme wengine wa Wakuba wanatambulikana kwa alama nyingine, yeye alitambulikana kwa fuawe. Je, mfalme angechagua alama ya kazi ya ovyo?

Lakini tusibaki kwenye sifa za wafalme, maana sifa peke yake haithibitishi kitu. Tutazame vyuma vyenyewe. Kuna mikuki na visu vingi vya kale vya Afrika ya Kati vilivyotengenezwa hivi: upande mmoja wa ubapa, nusu imeinuka na nusu imebonyea, ukigeuza, ile nusu iliyokuwa imeinuka huku imebonyea kule, na iliyobonyea huku imeinuka kule. Ukikikata chombo hicho katikati na kukitazama kwa mbele, utaona mstari uliojikunja kama nyoka. Umbo hilo linakipa chuma chembamba nguvu bila kukiongezea uzito. Sasa jaribu kulifanya kwa nyundo bila kupima! Makosa madogo upande mmoja yanaharibu upande wa pili palepale. Mtu aliyeweza kufua chombo kama hicho, akashindwa kulinganisha miteremko miwili ya kisu cha jikoni? Hata mtoto hawezi kuamini.

Hapa ndipo tunapogombana na watu wa «asili». Inchi yetu imekwisha kupita katika wakati ambapo asili ilikuwa siasa ya serikali. Mwaka wa 1971 inchi ikaitwa Zaïre, mwaka wa 1972 tukaacha majina ya ubatizo, wanaume wakavaa abakosti. Mwezi wa kumi 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akataka mali za sanaa zilizochukuliwa na wakoloni zirudishwe. Alikuwa na haki. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982, makumbusho ya Tervuren ilirudisha vitu 114. Juzi tu, mwezi wa sita 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji aliileta Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku inayoitwa Kakuungu, kama mkopo usiokuwa na mwisho.

Sisi pia tunataka mali zetu zirudi. Lakini tunauliza swali moja ambalo halipendezi: katika makelele yote hayo ya asili, ni mhunzi gani wa mtaani aliyepewa hata tupa moja? Tunalilia kisu kilichoko Ulaya ndani ya kioo, na mkono unaoweza kufua kingine kama hicho uko hapa mtaani kwetu, unapiga chuma chini ya bati lililotoboka, na tunapita bila kuusalimia. Kisu cha kioo kikirudi leo, tutakipeleka wapi? Ndani ya kioo kingine. Na yule kijana wa mivukuto atabaki vilevile.

3. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Wengine watatuambia: «Sawa, wazee walijua, lakini leo bila mashini ya umeme haiwezekani.» Tumekaa kwa wahunzi, tumeshika tupa kwa mikono yetu, tumeharibu vyuma pia. Tunaweza kueleza kwa nini inawezekana.

Chuma kinachotumika zaidi ni resori ya gari iliyokufa. Ni chuma kizuri: kina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kushika ugumu. Mhunzi anakikata kwa patasi kikiwa chekundu, anakinyoosha, anatengeneza ncha na msuka utakaoingia katika mpini. Kisha anaanza kuteremsha ubapa kwa nyundo.

Hapa pana siri ya kwanza, na kila mhunzi mzuri anaijua hata kama hakwenda shule. Ukipiga upande wa makali, chuma kinakuwa chembamba na kinarefuka. Upande wa mgongo haurefuki. Kwa hiyo kisu kinajikunja chenyewe kuelekea mgongoni, kama ndizi. Mwanafunzi anashangaa. Fundi alikwisha kukikunja mapema kuelekea upande mwingine, ili nyundo ikimaliza kazi, kisu kiwe kimenyooka. Anapiga mara chache upande huu, anageuza, anapiga mara hizo hizo upande ule. Tuliona mzee mmoja akihesabu kwa midomo bila sauti. Tulipomwuliza, akatujibu: «Nyundo njo inafanya kisu. Tupa inasema tu kama nyundo ilisema kweli.»

Baada ya nyundo, kisu kinapashwa tena hadi kiwe chekundu, kisha kinafukiwa ndani ya majivu na kuachwa kipoe polepole usiku kucha. Asubuhi kimelainika, tupa itakiuma. Kabla ya yote lazima kuondoa yale magamba meusi yaliyoletwa na moto, kwa jiwe ao kwa tupa kuukuu, kwani magamba hayo ni magumu na yanakula meno ya tupa mpya.

Sasa tunafika kwenye kipimo. Wasomi wetu wanafikiri kipimo kinahitaji chombo cha bei kali kutoka ng'ambo. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kilaze mezani, kwa sababu kioo kimenyooka. Chukua kibao kidogo, pigilia msumari mkali ubavuni mwake, ncha yake itokeze kwa urefu wa karibu nusu ya unene wa kisu. Laza kisu juu ya kioo, telezesha kibao, msumari uchore mstari kwenye upande wa makali. Geuza kisu, chora tena. Utapata mistari miwili inayofuatana. Na hili ndilo la ajabu: hata kama msumari wako haukuwa katikati sawasawa, mistari yote miwili iko mbali na katikati kwa kiasi kilekile, kwa sababu umepima kutoka pande mbili kwa msumari mmoja. Makali yatakaa kati ya mistari hiyo. Hakuna namba iliyosomwa, hakuna chombo cha dolari mia. Msumari, kibao na kioo.

Kisha kisu kinafungwa vizuri juu ya ubao. Mwenye jiliwa, ile ambayo mjini tunaita etau, anaufunga ubao humo, asiye nayo anatumia vibanio ao kamba na kabari. Tupa, ile ambayo wengi wanaiita lime, inaanza ikiwa imesimama kidogo, inakula pembe ya chini mpaka ifike kwenye mstari wa msumari. Halafu fundi anailaza zaidi, na mpaka wa mteremko unapanda polepole kuelekea mgongoni. Anafanya upande mmoja kidogo, anageuza, anafanya upande wa pili kidogo. Asimalize upande mmoja kabla ya kuugusa mwingine! Anayemaliza upande mmoja kwanza hana tena mahali pa kusahihisha. Ishirini huku, ishirini kule, ni hesabu ya kalasi ya kwanza.

Tupa inakata inapokwenda mbele tu. Ukiirudisha huku umeikandamiza, unaiharibu bure, na tupa ni ghali. Kandamiza ukienda, inua ukirudi. Paka meno ya tupa chaki, ndiyo, chaki ileile ya mwalimu, na unga wa chuma hautakwama ndani yake. Kujua tupa inauma wapi, paka ubapa masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, pitisha tupa mara tatu, kisha tazama. Palipong'aa ndipo palipo juu; palipobaki peusi bado tupa haijapafikia. Chuma chenyewe kinakuonyesha kosa lako.

Kuna ugonjwa mmoja ambao karibu kila fundi anao, nao unatoka katika mwili. Mtu wa mkono wa kulia anasukuma tupa vizuri upande mmoja, lakini akigeuza kisu, mwendo wa mkono unabadilika, tupa inayumba na kulala zaidi mwishoni. Ndiyo sababu visu vingi vya sokoni vina upande mmoja mzuri na upande mmoja wa aibu. Dawa yake ni mbili: kubadilisha namna ya kufunga kisu ili mkono uende mwendo uleule, ao kuufundisha mkono wa kushoto. Zote zinataka muda, hakuna inayotaka umeme.

Pale karibu na mpini, ambapo mteremko unaanzia, pande mbili lazima zitazamane. Wahunzi wajanja wanafunga hapo kipande cha chuma kigumu kiwe kituo. Tupa ikifika inagonga na kusimama. Makali hayamalizwi sasa. Yanaachwa na unene wa karibu milimita moja, kwani makali membamba yakiingia motoni yanapinda na kupasuka. Baada ya kukitia kisu ugumu na kukirudishia moto kidogo ili kisiwe kama kioo cha kuvunjika, ndipo jiwe la kunolea linamaliza kazi pamoja na maji.

Je, mashine ya umeme yenye jiwe la kuzunguka? Hatuichukii. Mikononi mwa mtu aliyekwisha kujifunza tupa, inapunguza kazi. Mikononi mwa asiyejua, inachimba shimo kwa nukta moja, shimo ambalo tupa italitafuta nusu siku. Tena ikitumiwa baada ya kisu kutiwa ugumu, makali yanapata moto mpaka rangi yanakuwa ya bluu. Bluu hiyo inapendeza macho, lakini inasema kwamba chuma kimepita kama digrii 300 na ugumu wake umepungua. Kesho mama atanoa, keshokutwa atanoa tena. Halafu umeme wenyewe wa mjini kwetu, kila mtu anajua tabia yake. Fundi ambaye ufundi wake wote uko ndani ya waya, siku umeme ukikatika na ufundi unakatika.

4. Nyumba mbili zisizotembeleana

Sasa tufike kwenye kidonda. Mji huu umejaa watu wanaojua tupa. Ni mji uliojengwa na migodi, na kwa miaka mingi makampuni yalifundisha ma-ajusteur. Kijana aliyejifunza kazi hiyo alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa atoe umbo lenye pande zote zilizonyooka na pembe zote sawa. Alitoka jasho, alipima, alirudia. Katika shule za ufundi bado wanafundisha kazi hiyo mpaka leo. Na mwaka wa 2003, watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Wengi waliokuwa na mikono ya dhahabu walirudi nyumbani kuuza makaa na unga.

Kwa hiyo kuna nyumba mbili. Katika moja anakaa mhunzi: anajua moto, anasoma rangi ya chuma kama sisi tunavyosoma gazeti, lakini tupa yake imelika na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuishika. Katika nyingine anakaa ajusteur mzee: anajua tupa kama vidole vyake, lakini hajawahi kufua hata msumari. Wanaishi mtaa mmoja, wanasali kanisa moja, na hawajawahi kuzungumza juu ya kazi zao.

Nani aliyejenga ukuta kati yao? Sisi. Sisi wenye kalamu tuliandika kwamba uhunzi ni «desturi», tukauweka kwenye kitabu pamoja na hadithi na ngoma. Tukaandika kwamba tupa ni «teknike», tukaiweka shuleni. Mtoto anajifunza kwamba cha baba wa babu yake hakipimwi, na kinachopimwa kilitoka Ulaya. Akitoka shuleni na diploma yake, anaona aibu kukaa kwa mhunzi. Na mhunzi akiambiwa kisu chake ni kombo, naye anajibu, maana tulimfundisha hivyo: «Bya asili njo biko vile.»

Tutaulizwa juu ya bei. Kisu kutoka ng'ambo ni rahisi, nani atanunua cha mhunzi? Ni swali zuri, na hatutaki kulikimbia. Hatusemi watu watupe visu vyao vya dukani. Tunasema hivi: tunapofika kwa mhunzi, tunakata bei mpaka abaki na pesa ya makaa na ya nyundo tu. Saa za tupa hatulipi. Naye ana watoto. Anaacha tupa, anatoa kisu kama kilivyotoka kwenye fuawe, anapitisha jiwe haraka haraka, anauza. Kisha tunakipeleka nyumbani na kusema, tazama, wahunzi wetu hawajui kazi! Kumbe ule ukombo tuliununua wenyewe, kwa bei tuliyoitaka.

5. Tunataka nini

Polemiki bila ombi ni kelele. Sisi tunaomba mambo manne.

Kwanza, unaponunua kisu cha mhunzi, kitazame kwa mbele, kutoka kwenye ncha. Angalia kama makali yako katikati ya mgongo. Yakiwa pembeni, usinyamaze na usicheke. Mrudishie fundi, mwonyeshe kwa heshima: «Baba, angalia hapa, makali yamehamia kushoto.» Mhunzi mzuri hatakasirika. Kumficha mtu kosa lake ndiko kumdharau.

Pili, kisu kikiwa kimenyooka, lipa saa za tupa. Usimfanye mtu aliyehesabu ishirini huku na ishirini kule mpaka usiku alipwe sawa na yule aliyemaliza kabla ya saa sita.

Tatu, walimu wa shule za ufundi. Mnawapa wanafunzi chuma wakipige tupa mpaka kiwe na pembe nne, kisha chuma hicho kinatupwa. Mwalike mhunzi mara moja kwa mwezi, awafulie visu vitano. Wanafunzi wateremshe ubapa, wachore mistari kwa msumari na kioo, waone kama makali yatakaa katikati. Mhunzi atarudi nyumbani na ujuzi wa tupa, wanafunzi watabaki na ujuzi wa moto, na mama atapata kisu. Tupa ambazo shule imezichoka, zipelekwe kwa wahunzi badala ya kuoza katika depo; hata tupa iliyochoka inaondoa magamba.

Nne, sisi wa vyama vya utamaduni, tuanzie kwetu. Tukifanya maonyesho ya visu vya kale, tuweke na kipimo kando yake: unene wa mgongo ni huu, pande mbili ziko namna hii. Na pembeni tumweke mhunzi aliye hai na moto wake, tena alipwe kwa siku ile. Asije kama kitu cha kupigwa picha.

Tunajua wapo watakaokasirika wakisoma haya. Watasema tunataka kumfanya mhunzi mtumishi wa rula, na kwamba tunaleta Ulaya katika mila. Tunawajibu kwa jambo moja. Chukueni kisu cha zamani cha babu, kile mnachokificha sandukuni. Kitoeni, kifuteni vumbi, mkielekeze penye mwanga na kukitazama kwa mbele, kutoka kwenye ncha. Kama kilifuliwa na fundi wa kweli, mtaona makali yamekaa katikati, na rula haikuwepo. Halafu mlete kile mlichonunua sokoni juzi, mkiweke kando yake, na mtuambie ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho cha asili.